Aliyeonyesha Shimo la Udongo

Shunlak, 6 Septemba 2018

Nono Jigmet, mdogo wangu,

Jule. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wa ofisini huko Leh. Sisi hatujambo, isipokuwa mama, ambaye kikohozi kimemrudia tangu tuanze kuvuna shayiri. Kulala kitandani hataki. Anashinda kwenye kile chumba cha jua ulichomjengea, mgongo kauegemeza kwenye ukuta mweusi nyuma ya vioo, na anasema ukuta wako unamkumbatia kuliko wanawe. Nikamjibu kwamba ukuta hauna ng'ombe wa kukamua. Mume wangu Tundup kiuno kinamuuma kwa kuinama shambani, lakini analalamika kidogo kuliko ulivyokuwa ukilalamika wewe kwa ndoo moja ya maji.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Tulikuwa tumelala mashamba ya ng'ambo ya mto, kama kila mavuno. Tuliporudi tukakuta shimo la udongo wa paa limekombwa. Si kuchimbwa, kukombwa. Wamekuja na katapila na malori, wamechukua ule udongo wa kijivu wote hadi kwenye changarawe. Wewe mwenyewe unajua tunavyofanya: majira ya kuchipua, mtawa akishamwomba radhi mwenye ardhi, yule roho wa chini, kila nyumba hubeba mizigo yake ya punda, basi, shimo linafungwa hadi mwaka ujao. Hawa wamechimba wakati shayiri bado imesimama shambani, na huo ni mwiko. Wazee hawalali.

Tundup ndiye pekee aliyewaona. Alikuwa amerudi kumpikia mama, akawakuta madereva barabarani wakiondoka, malori yamefunikwa turubai, akadhani ni mizigo ya jeshi. Akawapa chai. Walimwambia wanapeleka kwenye hoteli inayojengwa karibu na Leh, hoteli ya udongo mtupu.

Nono, shimo lile halionekani barabarani wala halina kibao. Mtu wa kwetu aliwaonyesha. Na hoteli za udongo si ndiyo kazi yako? Kama unawajua watu hao, niambie.

Dada yako,
Chuskit


Leh, 27 Septemba 2018

Ache Chuskit, dada yangu mpendwa,

Jule, jule. Barua yako nimeipata kwa Angchuk dereva, ikinuka petroli na jibini. Mimi mzima, kazi tu ndizo zinazonitoa jasho. Nakutumia dawa ya mama ya kikohozi, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, na asiichanganye na pombe ya chang hata akikuapia kwamba daktari amemruhusu. Mpe pia kofia hii ya sufu. Na huyo magpa wetu mwambie kiuno cha mwanamume aliyehamia kwa mkewe hakina ruhusa ya kuuma, hayo hayakuwamo kwenye makubaliano ya ndoa. Namtania, usimwambie kwa sauti hiyo.

Nimefurahi mama anakitumia chumba kile. Nimekichora tena kwa ajili ya nyumba nyingine nyingi. Watu wanakuja kutoka Delhi na mbali zaidi kuuliza inakuwaje nyumba ipate joto wakati wa baridi kali bila kuchoma kitu, nami nawaambia jua halitumi ankara. Ache, ungesikia wanavyonipigia makofi kwa mambo ambayo bibi yetu aliyafanya bila kuyaona kuwa ni jambo. Ukuta mnene wa udongo ulioshindiliwa, madirisha yanayotazama kusini, na choo kikavu kinachogeuka mbolea. Wenzetu walikimbilia saruji, sasa wanatetemeka ndani yake. Udongo ndio utakaotuokoa, naamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Habari ya shimo imenisikitisha. Wakandarasi wa siku hizi hawana adabu. Hoteli za udongo ziko nyingi huku, kila mwenye kiwanja anajenga moja. Kwa paa lenu, wekeni karatasi ya nailoni juu ya vijiti vya mwerebi, kisha udongo wowote mtakaoupata, ushindiliwe vizuri. Itawavusha mwaka.

Nitakuja kabla kilima cha Pensi La hakijafungwa na theluji. Mwambie mama.

Nono wako,
Jigmet


Shunlak, 14 Oktoba 2018

Nono Jigmet,

Jule. Dawa imefika. Mama ameinywa, akasema ni chungu na imetoka kwako, kwa hiyo ataimaliza. Kofia haivui hata akila. Amekonda. Ukimshika mkono unahisi mifupa kabla ya ngozi. Kila gari likisikika bondeni anauliza kama ni wewe.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ile mvua nzito ambayo zamani haikuwa ya huku. Nailoni yako tuliiweka. Juu yake tuliweka udongo wa kando ya mto, na mvua ikaunywa kama supu, ukashuka na ukuta. Maji yameingia kwenye chumba cha jua. Tumemhamishia mama jikoni, karibu na jiko, na mimi nachoma samadi mchana kutwa ili apate joto ambalo kule alikuwa akilipata bure. Si nyumba yetu peke yake. Hata nyumba ya mkuu wa kijiji, Goba, inavuja, chumba cha sala nacho kinavuja, watawa wamefunika vitabu kwa magunia.

Goba akaita watu. Tulikaa pale penye ghala la kijiji. Goba mwenyewe akaanza, "Lori halina pua. Haliwezi kunusa udongo."

Mzee mmoja wa nyumba za chini akadakia, "Na aliyewapa chai ni nani? Mnamjua. Si wa hapa, kaja kuoa."

Tundup akamjibu, "Mimi chai nampa hata mwanajeshi aliyepotea njia. Wewe nilikupa jana. Ningewanyima wao kwa nini?"

Watu wakacheka, na kwa kitambo nikadhani yameisha. Halafu mwanamke mmoja akasema nyumbani kwake mtoto analala katikati ya sufuria za kukinga matone, na kicheko kikakatika.

Hukumu ndiyo hii. Mpaka aliyeonyesha shimo asimame mbele ya watu, akubali, kisha akamwombe radhi mwenye ardhi, phaspun wetu hawatakanyaga kwetu wala sisi kwao. Kama Leh imekusahaulisha, nikukumbushe: zile nyumba nne tunazoabudu nazo mungu mmoja. Wao ndio wanaokuja mtu akizaliwa, na wao ndio wanaokuja mtu akifa. Mama akifa leo, mimi siruhusiwi kumfunga sanda wala kumbeba, nawe huruhusiwi. Mikono ni yao. Sasa mikono hiyo wameizuia, na mama anakohoa damu.

Tundup ameangushiwa jumba bovu. Anapasua kuni tu, anapasua hata zile za mwakani.

Swali langu hukulijibu. Umeniandikia habari za Delhi na makofi, ukapita kando ya shimo kama mtu anayemkwepa mdai wake njiani. Nakuuliza waziwazi. Ni wewe?

Chuskit


Leh, 31 Oktoba 2018

Ache mpendwa,

Jule. Nimesoma barua yako mara nyingi. Habari ya damu imenikata maini. Nimeongea na daktari hapa, anasema aletwe hospitali Leh. Najua mtasema hawezi safari, na huenda ni kweli. Nimetuma dawa nyingine kwa Angchuk.

Kuhusu hiyo hoteli, sikufichi kwamba michoro ni yangu. Lakini uelewe kazi zilivyogawanyika, Ache. Mimi nachora, mkandarasi analeta vifaa. Msanifu hawezi kusimama nyuma ya kila lori.

Tumfikirie kidogo huyo aliyeonyesha. Labda hakuwa mtu mbaya. Labda aliulizwa udongo gani wa paa unazuia maji kuliko wote, naye kwa fahari ya kwao akataja ule wa Shunlak. Labda aliomba mfuko mmoja tu wa kupimia. Halafu wakubwa wakaupenda, wakapeleka katapila bila kumwambia. Na labda alipojua, udongo ulikuwa tayari juu ya paa, na paa lile ni zuri, halivuji, na watu wataliona na kuacha saruji na mabati. Kijiji kimoja kimepoteza shimo, ni kweli, inauma. Lakini mabonde mangapi yatajenga vizuri kwa sababu ya nyumba moja iliyoonyesha inawezekana? Mtu kama huyo akisimama mbele ya Goba atapata nini zaidi ya kutemewa mate? Shimo halitajaa.

Ufunguzi ni tarehe kumi na mbili. Wageni watatoka mbali, nami ndiye wa kuwaeleza jengo. Nikiondoka wiki hii, kazi ya miaka minne itasemwa na mtu mwingine. Nikimaliza tu, napanda gari.

Mwambie mama nakuja. Mwambie Tundup avumilie.

Jigmet


Shunlak, 8 Novemba 2018

Jigmet,

Jule. Ng'ombe wazima, mama si mzima. Angchuk anasubiri mlangoni akikanyaga theluji, kwa hiyo nafupisha.

Huyo mtu unayemfikiria unamtetea kama aliyenyonya nawe ziwa moja. Una maneno mazuri juu yake. Mimi sina. Mlijenga hoteli isiyochafua hewa, halafu paa lake mkalisafirisha siku mbili kwa malori ya dizeli kupita milima miwili. Mnawauzia wageni choo chetu na ukuta wetu, hayo sawa, choo tunacho na ukuta tunao hata mkiviuza. Udongo mkiuchukua hatunao. Kama hilo halimo kwenye michoro yako, basi michoro yako ina tundu kubwa kuliko la paa langu.

Wala sikuandikii kugombana. Kilima bado kiko wazi. Panda gari hili hili la Angchuk likirudi. Huna haja ya hotuba. Simama pale ghalani, sema maneno matatu, wakutemee mate, nitakufuta mimi. Jioni hiyo hiyo phaspun watamjia mama wakampashe moto miguu. Hajui kwa nini hawaji. Tunamdanganya kwamba wana mafua.

Hotuba yako na iachiwe mtu mwingine. Mama hana mtu mwingine wa kiume.

Chuskit


Leh, 19 Novemba 2018

Ache,

Jule. Sijui nianzie wapi. Ufunguzi ulikwenda vizuri, ingawa sikula kitu siku ile. Mgeni mmoja alilala akaamka akasema hajawahi kuhisi chumba kinachopumua. Nilitaka kufurahi nikashindwa.

Nilifunga mizigo nikaenda hadi stendi ya Kargil. Wakasema Pensi La imefungwa, theluji imezidi, hakuna dereva anayekubali. Nilirudi. Barua hii nampa mwanajeshi anayejaribu na msafara wao, huenda itakufikia, huenda isikufikie.

Nitakuja njia ikifunguka. Nitaongea na Goba kwa utulivu. Nina wazo la kutengeneza udongo mbadala kwa chokaa na samadi, nimeshalipima, linazuia maji kiasi, nitawafundisha nyote bure. Nitalipa kila paa. Mwambie mama anisubiri.

Jigmet


Shunlak, 3 Februari 2019

Jigmet,

Jule. Barua yako ya Novemba imenifikia mwezi uliopita. Hii nawapa vijana wanaoshuka juu ya mto ulioganda. Sisi tuliobaki tu wazima.

Mama amefariki mwezi wa kumi na mbili, baridi ilipoanza kupasua mitungi. Nakwambia sasa, mwanzoni, ili usisome ukitafuta. Kaa chini kwanza kama umesimama.

Siku zake za mwisho akili yake ilikuwa safi. Alikuwa ameshajua phaspun hawana mafua. Akaniita mimi na Tundup, akasema, "Waambieni ni mimi niliyeonyesha. Mimi nakufa tu, watanifanya nini?" Nikamuuliza anasema hivyo kwa nini. Akasema, "Kwa sababu najua mtoto wangu anavyopenda kusifia vya kwao." Hakulitaja jina lako wala hakulia. Nilimwambia anyamaze, maana kama yeye ndiye mwenye kosa, nani atambeba? Akafikiri, akasema kweli, hilo hakuliwaza. Akageukia ukutani. Kesho yake alikata roho, kofia yako kichwani.

Mtawa alikuja akasoma. Mtawa haangalii ugomvi. Lakini mtawa hafungi maiti. Mama alibaki alivyokaa kwenye chumba cha jua, tulikomrudisha kwa ombi lake akiwa bado hai, paa linadondosha theluji iliyoyeyuka, nikaweka beseni miguuni pake, nikakaa naye. Nilisikia nyumba nne zikiwa kimya. Moshi wao niliuona. Najua walikuwa wamesikia, huku kilio hakifichiki. Siku ikaisha, ya pili ikaanza. Nilitaka kumgusa. Nilinyoosha mkono nikaurudisha. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyokuchukia siku ile, na nakuandikia hivyo kwa sababu ni kweli.

Tundup akavaa joho lake la harusi. Nikamuuliza, "Unakwenda wapi?" Akasema, "Kuleta watu." Nikaelewa, nikamshika mkanda. Nikamwambia kosa si lake na anajua si lake. Akasema, "Nilipokuja hapa niliambiwa nashika nafasi ya mtoto wa kiume wa nyumba hii. Basi naishika." Akautoa mkono wangu taratibu, akaenda.

Alisimama ghalani akawaambia ni yeye aliyewaonyesha madereva, kwamba walimbembeleza kwa maneno akalegea. Yule mzee wa nyumba za chini akasema, "Si nilisema?" Walimtemea. Akatembea hadi shimoni kwenye theluji, akapiga magoti akaomba radhi kwa ardhi mbele yao wote, kwa kosa ambalo hakulifanya. Kabla jua halijazama phaspun walikuwa mlangoni kwangu, wanawake wanalia kwa sauti, wanamwambia mama awasamehe kwa kuchelewa. Walimfunga vizuri. Walimbeba vizuri. Sina la kuwalaumu, walitimiza walichokisema.

Sasa adhabu yake. Unajua tunavyokaa kwenye mistari, mkubwa karibu na jiko, mdogo karibu na mlango. Tundup wamemshusha hadi mwisho, chini ya vijana wasiooa, pale watu wanapovulia viatu. Kwa miaka mitatu. Mwaka mpya wetu ulikuwa baada ya mazishi, akakaa pale. Chang ilimfikia wakati imebaki machicha. Mtoto mmoja alimrukia kwenda nje bila kuomba njia. Alikunywa machicha yake, akaniangalia kutoka kule, akatabasamu ili nisilie.

Angchuk alifika mwisho wa Novemba. Nilimuuliza kama alikuona njiani. Akasema katikati ya mwezi alilala stendi ya Kargil siku tatu akitafuta abiria, kilima kiko wazi, na wewe hakukuona. Sitakuuliza tena. Nimechoka kuuliza.

Tundup ameniapisha nisimwambie mtu, naye amenikataza kukuandikia haya. La kwanza nitalitimiza. Anasema ukijitokeza leo, nyumba nzima itaonekana imedanganya mbele ya maiti, na pengine ana haki. Udongo wako wa chokaa na samadi uje, watu wanahitaji paa, nitauchanganya mwenyewe. Chora, fundisha, panda juu uonyeshe jinsi ya kushindilia. Hayo unayajua, sijawahi kusema huyajui.

Lakini njia ikifunguka kutakuwa na chakula cha kumkumbuka mama, na watu wote watakaa kwenye mistari. Goba atainuka kukupokea, mtoto wa nyumba, mtu wa Leh, atakuonyesha mto wa kukalia karibu na jiko. Usiukalie. Pita mbele yao wote hadi mlangoni, umkute Tundup, ukae chini yake. Watakuuliza kwa nini. Mimi nimeapishwa. Wewe hakuna aliyekuapisha.

Chuskit